Kabla ya Kununua Mtumbwi wa Upepo

Mwezi huu tunaweka kando mapishi na malezi ya watoto wachanga, tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wenu mtasema hakiwahusu: mtumbwi wa kujaza upepo. Tunawaomba msifunge ukurasa. Sisi nasi tulisema hautuhusu, mpaka siku watoto wetu wawili walipoondoka ufukweni tukiwaangalia kwa macho.

Ilikuwa Desemba mwaka juzi. Tulikuwa tumetoka hapa Tengeru kwenda kula Krismasi Musoma, kwao baba watoto. Wiki moja kabla ya safari, baba watoto alipita sokoni siku ya Jumamosi akarudi na kifurushi cha mitumba: mtumbwi wa plastiki wa rangi ya machungwa, wenye picha ya samaki anayecheka. Alikuwa ameununua kwa bei ya kilo chache za nyama. Watoto walishangilia, na sisi tukashangilia pamoja nao. Nani angekataa kitu kinachowatoa watoto mbele ya simu?

Asubuhi ya pili huko Musoma ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Saa moja hivi binti yetu, aliyekuwa na miaka 13, na mdogo wake wa miaka 9, waliingia ndani ya mtumbwi ule, hatua tano tu kutoka ukingoni. Tulikuwa tunakoka moto wa chai pamoja na wifi yetu. Tulipoinua macho walikuwa mbali kidogo. Tukawaita warudi. Wakapiga makasia yao ya plastiki, na kadiri walivyopiga ndivyo mtumbwi ulivyozunguka kama pia. Tulipoinua macho mara ya pili, walikuwa mbali kuliko urefu wa viwanja viwili vya mpira, na sauti zao hatukuzisikia tena. Baba watoto aliingia majini hadi kifuani, akasimama. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea.

Waliowarudisha ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wanarudi kutoka kazi ya usiku. Waliwafunga kamba wakawavuta hadi pwani. Mzee mmoja miongoni mwao hakutugombeza. Alisema tu, "Mama, ziwa halikuwachukua watoto. Ni upepo wa nchi kavu. Kila alfajiri unatoka huku unakwenda kule. Ninyi wa milimani hamuujui." Kisha akautazama ule mtumbwi, akaubonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa.

Tuliporudi nyumbani tuliapa kwamba kitu kile hakitaonekana tena kwetu. Tulikikata kwa kisu tukafunikia kuni. Lakini mwaka huu binti yetu, sasa ana miaka 15, ametuuliza swali: "Mama, bibi yuko ziwani, tutakwenda kila mwaka. Ni bora mtununulie mtumbwi wa kweli na kutufundisha, au tuendelee kuogopa na kuazima mitumbwi ya watu mkiwa mmelala?" Swali hilo ndilo lililotufanya tutafute maarifa, na tuliyoyapata tunawaletea hapa.

Ziwa lipi?

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba ukitaka kuchagua mtumbwi, anza na ziwa. Sisi wa Arusha tumezoea maziwa madogo. Duluti letu hapa Tengeru ni ziwa la kreta, hekta kama 60 tu, limezungukwa na msitu wa hifadhi na kingo zake zimeinuka. Ukisimama upande huu unamwona mtu wa upande wa pili. Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni maziwa ya magadi yenye flamingo, na katika Momella Ndogo wageni hupiga makasia wakiwa na mwongozaji na askari wa hifadhi, kwa sababu viboko wamo. Katika maziwa ya namna hii upepo ukikuzidi, mwisho wake utakutupa kwenye ukingo mwingine, na watu watakuja kukuchukua.

Ziwa Victoria ni habari nyingine kabisa. Lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Upepo ukikuzidi pale, ukingo mwingine unaweza kuwa Uganda au Kenya. Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika meta 1,470. Nyasa nalo lina kina cha meta 700 hivi. Maziwa haya yana mawimbi kama ya bahari, na dhoruba zake hazipigi hodi. Hatujasahau MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuchukua mamia ya ndugu zetu, wala MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ambapo zaidi ya watu 220 walifariki. Hizo zilikuwa meli na kivuko. Sisi tunazungumzia chombo kinachoingia kwenye begi.

Yule mzee wa Musoma alikuwa anasema kweli inayofahamika. Mchana jua huipasha nchi kavu joto upesi kuliko maji, na hewa ya ziwani huvuta kuja pwani. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka, ukatoka pwani kwenda ziwani hadi asubuhi. Wavuvi wameufanyia kazi upepo huo tangu enzi za babu zao: usiku unawasukuma kwenda, mchana unawarudisha. Kwa hiyo asubuhi ile tuliyoiona imetulia ndiyo iliyokuwa na hatari zaidi kwa watoto. Karibu na ukingo, nyumba na miti hukinga upepo, maji yanalala. Ukisogea mbele kidogo unakutana nao, na unakusukuma mgongoni.

Na mtumbwi wa upepo husukumwa kuliko chombo kingine chochote. Ni mwepesi, umekaa juu ya maji kama jani, na kuta zake nene ni tanga tosha. Mtumbwi wa mti hukata maji kwa uzito wake. Huu wa upepo huteleza juu yake. Kumbukeni jambo hili moja hata kama mtasahau mengine yote.

Basi ni kitu cha kuchezea tu?

La hasha. Mwaka 1952 daktari mmoja Mfaransa, Alain Bombard, alivuka bahari ya Atlantiki kutoka visiwa vya Kanari hadi Barbados akiwa peke yake ndani ya mashua ya mpira iliyojazwa upepo. Hapa jirani, Jinja nchini Uganda, watu hushuka maporomoko ya mto Nile kwa mashua za upepo, wakiwa wamevaa kofia ngumu na jaketi za kujiokolea. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kilichojazwa upepo ni cha kuchezea. Tofauti iko katika jinsi kilivyotengenezwa, na katika nani anakitumia, wapi, na saa ngapi.

Kayaki yenyewe asili yake ni mtumbwi mwembamba wa ngozi wa watu wa nchi za barafu kama Greenland. Aliyemo hukaa chini, miguu mbele, akapiga kasia lenye vichwa viwili, kulia na kushoto. Hii ya upepo imeiga umbo lile, na faida yake kwa familia kama zetu ni moja kubwa: haihitaji gari wala banda. Ukiitoa upepo inakunjwa, inaingia kwenye begi, na begi linaingia kwenye buti ya basi. Wenye kuishi nyumba ya vyumba vitatu wanatuelewa.

Mambo ya kuangalia

Hizi ni nukta tulizojifunza, tena kwa lugha ya nyumbani.

Vyumba vya upepo. Ule mtumbwi wetu wa samaki anayecheka ulikuwa na chumba kimoja, kama puto. Kikitoboka, kwisha. Mtumbwi wa kufaa una vyumba visivyopungua vitatu vinavyojitegemea: ukuta wa kulia, ukuta wa kushoto, na sakafu. Kimoja kikitoboka, viwili vinakufikisha. Usimwulize muuzaji tu. Jaza, kisha fungua tundu la ukuta mmoja uone kama vingine vinabaki vigumu.

Ngozi yake. Plastiki nyembamba inayonyooka ukiivuta kwa vidole, kama mfuko wa maziwa, iacheni kwa bwawa la kuogelea. Tafuteni turubai ya PVC nene au mpira uliotiwa kitambaa ndani. Ukiivuta hainyooki, na ukiikwaruza kwa ukucha hainung'uniki. Mawe ya Musoma na Mwanza hayana huruma.

Sakafu. Ziko za aina mbili. Moja ni kama godoro la upepo, inalegea katikati, na aliyekaa anazama kidogo kama kwenye kochi la zamani. Nyingine ina nyuzi maelfu ndani zilizounganisha tabaka la juu na la chini, hivyo ikijazwa inakuwa bapa na ngumu kama ubao. Kwa ziwa kubwa hii ya pili ni bora, maana mtumbwi uliolegea katikati hupindapinda juu ya mawimbi na kukuchosha mikono.

Urefu na pezi. Mtumbwi mfupi wa meta mbili na nusu huzunguka kama pia. Tuliuona kwa macho yetu. Unaokaribia meta nne huenda ulikoelekezwa. Chini kwa nyuma kuwe na pezi, kile kipande kigumu kama pezi la samaki, kinachouzuia usigeuke kila ukipiga kasia. Mapezi mengi huchomekwa na kuchomolewa, na hupotea kama vifuniko vya sufuria. Hakikisheni lipo kabla ya kulipa.

Kuta. Wengi hudhani ukuta ukiwa mrefu ndipo usalama unaongezeka. Ukuta mrefu huzuia maji lakini hushika upepo. Kwa ziwa wazi, mtumbwi mrefu wenye kuta za kadiri ni bora kuliko mfupi wenye kuta nene kama magunia.

Uzito unaobeba. Kila mtumbwi wa heshima umeandikwa kilo unazoweza kubeba. Hapo ndipo tulipotoa kalamu na daftari la matumizi. Tulioupata umeandikwa kilo 200. Tukajiwekea sheria kwamba tusipite theluthi mbili, yaani kama kilo 130, maana chombo kilichojaa hadi mwisho hukaa chini, hunywa maji, na hakigeuki. Mama ana kilo 72, kitinda mimba ana 34, maji ya kunywa na mizigo midogo kilo 12. Jumla 118. Inafaa. Baba watoto ana kilo 88, na binti 50. Hao peke yao wamefika 138, hawajabeba hata chupa ya maji. Baba watoto hakufurahi, lakini hesabu haina upendeleo. Yeye ataingia na mdogo, na binti ataingia na mama. MV Nyerere ilitengenezwa kubeba watu 101, na siku ile ilibeba wengi mno kuliko hao. Kilo zilizoandikwa si mapambo.

Upepo wenyewe. Tairi la gari dogo hujazwa hadi 30 hivi kwa kipimo cha mafundi wa tairi, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Kuta za mitumbwi mingi ya namna hii huhitaji 1 hadi 3 tu, na sakafu ile ngumu huhitaji 6 hadi 10 hivi. Someni kilichoandikwa kwenye tundu lenyewe. Msiupeleke kwa fundi wa tairi aujaze kwa mashine yake, maana mashine ile inaweza kuupasua mshono kwa dakika moja. Tumieni pampu ya mkono au ya mguu yenye kipimo. Tena jueni kwamba hewa hutanuka ikipata joto na husinyaa ikipoa. Ukiujaza hadi mwisho asubuhi ya baridi ya Meru ukauacha juani hadi saa sita, utauta mshono. Ukiujaza juani ukauweka kwenye maji ya baridi, utalegea. Ujazeni kidogo, uwekeni majini dakika chache, ndipo mmalizie. Ukitolewa majini kukaa juani, punguzeni.

Tuliupata wapi

Mtumbwi mpya wa aina hii ni ghali kwa familia ya mshahara mmoja na kuku wa mayai. Lakini hapa Arusha tuna bahati moja: wageni wengi huja kufanya kazi miaka miwili mitatu, na wakiondoka huuza vitu vyao. Baba watoto aliona tangazo la familia iliyokuwa inafunga nyumba upande wa Njiro. Safari hii hakwenda peke yake. Tulikwenda wote, na tulikwenda na sabuni.

Ndiyo, sabuni. Tuliomba mtumbwi ujazwe mbele yetu. Tukakoroga povu kwenye ndoo, tukapaka kwa sponji mishono yote na kila tundu, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Povu lilichemka sehemu moja, kwenye tundu la sakafu. Kumbe ni kipira kilichochakaa, na mwenyewe alikuwa nacho cha akiba. Kisha tukaomba neema moja zaidi, kwamba ubaki umejazwa hadi kesho yake. Mama mwenye nyumba alicheka akakubali. Kesho yake asubuhi tulikuta kuta bado ngumu. Kama ungekuwa umelala chini tusingeununua hata kwa nusu bei.

Mnunuapo cha mitumba, angalieni pia rangi. Mahali palipopauka na kukakamaa pameliwa na jua, na hapo ndipo patapasuka. Nuseni. Harufu ya uvundo ni dalili kwamba ulikunjwa ukiwa na maji. Viraka si aibu, mradi vimeshika kingo zote. Ulizeni gundi gani inatumika, kwa sababu gundi ya mpira na gundi ya PVC si moja, na ile solusheni ya baiskeli haishiki PVC vizuri. Na mkishaununua, uhifadhini ukiwa umekaushwa, mahali penye kivuli, juu ya kabati. Stoo ya mahindi haifai. Panya hawajui bei.

Jaketi kwanza

Tunakiri kwamba hapa ndipo tuliposhindana na baba watoto. Fedha tulizokuwa tumeweka zilitosha mtumbwi, au zilitosha jaketi nne za kujiokolea na nusu ya mtumbwi. Alisema, "Tununue mtumbwi kwanza, jaketi tutaazima." Sisi tulisema, "Jaketi kwanza, mtumbwi utasubiri." Tulinyamaziana siku mbili. Siku ya tatu binti yetu alitusaidia pasipo kukusudia. Alisema, "Baba, siku ile Musoma, hata tungekuwa na mtumbwi mzuri, mimi nilikuwa nafikiria tu kwamba mdogo wangu akianguka sitaweza kumshika." Baba watoto hakujibu. Jioni alirudi na jaketi mbili za watoto, na tukasubiri miezi minne zaidi ndipo tukapata mtumbwi.

Jaketi la mtoto lisiwe kubwa "ili akue nalo". Hilo tunafanya kwa sare za shule, si kwa jaketi. Mvisheni, mfunge mikanda yote, kisha mshike mabegani na kumwinua. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Litamvuka akiwa majini. La mtoto mdogo liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu na kola ya kushikilia kichwa. Yale mapuli ya mikononi ya kupuliza si jaketi. Jaketi la mitumba lijaribiwe majini kabla, maana sponji iliyozeeka na kukaliwa kama mto hupoteza nguvu. Na jaketi lililofungwa kwenye kiti cha mtumbwi halimsaidii mtu. Livaliwe tangu ukingoni.

Vitu vingine ni vidogo: filimbi shingoni kwa kila mmoja, kamba ya meta kumi, kasia la akiba, kopo la kuchotea maji, kofia, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Namba ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mwachieni mtu aliyebaki pwani taarifa: mnakwenda wapi, mtarudi saa ngapi.

Tulivyojifunza

Hatukuupeleka ziwani moja kwa moja. Kwanza tulikwenda Duluti, tukalipa kiingilio, tukapanda mitumbwi ya pale pamoja na mwongozaji. Mtu akitaka kuingiza chombo chake mwenyewe katika maziwa ya hifadhi, aulize kwanza ofisini. Si kila mahali panaruhusiwa. Siku hiyo sisi ambao tulikuwa tunaogopa hata beseni tulijifunza mambo mawili. La kwanza ni kukaa chini na kupiga kasia polepole kwa kiwiliwili, si kwa mabega. La pili, na ndilo kubwa, ni kuanguka. Mwongozaji alitupindua kwa makusudi karibu na ukingo, tukiwa na jaketi, tukajifunza kurudi ndani: shika ukuta, piga miguu nyuma hadi mwili ulale juu ya maji, jivute tumbo likae juu ya mtumbwi, kisha geuka. Mara ya kwanza tulishindwa. Ya pili tulishindwa. Ya sita tuliingia, kanga imelowa, watoto wanapiga makofi.

Tena alitufundisha hivi: ukianguka, usiuache mtumbwi. Hata ukipinduka unaelea, na mtu aliyeshika mtumbwi huonekana kwa mbali kuliko kichwa peke yake. Lakini upepo huuchukua kwa kasi usiyoweza kuifukuza kwa kuogelea. Kwa hiyo mkono mmoja uwe na kamba yake daima. Tangu hapo tumeanza kujifunza kuogelea, na binti ametushinda.

Sheria za nyumbani kwetu

Tumeziandika kwenye karatasi, zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati ambamo mtumbwi unakaa.

Kwanza, jaribio la kanga. Simama ukingoni, ukilitazama ziwa, inua kanga mkononi. Ikipepea kwenda ziwani, hatuingii, hata kama maji yamelala. Ikipepea kuja kwetu, tunaweza kufikiria. Ikipepea kwa nguvu upande wowote, tunakunja.

Pili, tunaanza safari kwa kwenda dhidi ya upepo, tukiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi utusaidie.

Tatu, tunafuata ukingo, hatukatizi ghuba. Hatuendi mbali kuliko tunavyoweza kujirudisha tukiwa tumeanguka.

Nne, wingu jeusi au ngurumo, tunatoka. Kabla ya kuingia tunasikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha tunawauliza wavuvi. Wavuvi ndio wenye neno la mwisho. Hao pia hutuambia palipo na mamba na viboko. Wakisema hapana, ni hapana.

Tano, hatuingii kwenye magugu na matete. Pale hukaa konokono wa kichocho, na Ziwa Victoria linajulikana kwa ugonjwa huo. Tukitoka majini tunajikausha, na wiki kadhaa baada ya kurudi tunakwenda kupima. Dawa yake ipo na inatibu.

Sita, hakuna mtoto anayeingia bila mtu mzima ndani ya chombo au pembeni akiwa na kamba. Mama akiwa anakoka moto, hayupo.

Hiyo ya sita tuliiandika sisi wenyewe, na iliuma kuiandika.

Akina mama, tunajua wako wenzetu watakaosema, "Si mngekataza tu, mambo yakaisha?" Tulikataza, kwa mwaka mzima. Kisha tukagundua kwamba watoto wa dada zao huko Musoma wanacheza na mitumbwi kila siku, na wetu wakifika watawafuata tukiwa tumelala. Mtoto mwenye bibi ziwani atafika ziwani, atake mama asitake. Katazo letu lisingefika naye majini, ila jaketi lililofungwa vizuri litafika naye.

Desemba hii tutakwenda tena, begi likiwa kwenye buti ya basi. Tumemwomba wifi atuulizie kama yule mzee wa dagaa bado yupo. Tunataka aubonyeze mtumbwi huu kwa kidole chake, atuambie anavyouona. Akitikisa kichwa tena, utarudi Tengeru kama ulivyokwenda.

Kama ninyi mnaokaa kando ya maziwa mna la kutufundisha, tuandikieni. Mpaka mwezi ujao, kaeni salama na familia zenu.